Feni ya kabini ya pikapu haipulizi: jinsi ya kulitafuta kosa bila kubahatisha

Mfumo wa feni ya kabini una vitu vichache: betri, fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), mota, rezista (kipande kinachopunguza umeme ili kupata kasi za chini), swichi na ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari). Hata hivyo ni kawaida mota nzima kutolewa na kutupwa, mpya ikafungwa, na kabini ikabaki kimya vilevile. Ni kawaida zaidi rezista kubadilishwa leo na kuungua tena baada ya wiki chache. Kilichoungua mara nyingi si chanzo cha tatizo. Kimeunguzwa na kitu kingine, na kitu hicho bado kipo kwenye gari. Kwa hiyo kila kipuri kilichokufa kiulizwe: kimeuawa na nini?

Kazi hii si ya starehe tu. Bila feni, ukungu wa kioo cha mbele hautoki wakati wa mvua au baridi, na dereva anaendesha bila kuona. Rezista au plagi inayounguza plastiki chini ya dashibodi inaweza pia kuwasha moto.

Umeme unapita wapi

Pikapu nyingi zenye swichi ya kawaida ya kasi tatu au nne hudhibiti feni kwa upande wa ethi. Umeme unatoka kwenye betri, unapita fyuzi kubwa (mara nyingi ya ampea 30 au 40), unapita rilei, unafika kwenye mota. Kutoka kwenye mota unakwenda kwenye rezista, kisha kwenye swichi, na swichi ndiyo inayoupeleka kwenye bodi ya gari. Maana yake ni kwamba waya mmoja wa mota una volti 12 wakati wote ufunguo ukiwa umefunguliwa, hata feni ikiwa imezimwa. Ukiukuta umeme huo usidhani kuna kosa.

Pikapu nyingine hudhibiti kwa upande wa chanya: umeme unapita kwanza kwenye swichi na rezista, ndipo unafika kwenye mota, na mota yenyewe imefungwa moja kwa moja kwenye ethi. Na zile zenye kiyoyozi cha kujiendesha kwa kawaida hazina rezista. Zina moduli ya transista inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta ndogo ya kiyoyozi.

Kujua gari lako liko kundi gani ni rahisi. Chomoa plagi ya mota, fungua ufunguo, zima feni, kisha pima kila waya wa plagi dhidi ya bodi. Ukipata volti 12 kwenye waya mmoja, unadhibitiwa kwa ethi au kwa moduli. Usipopata kitu mpaka uwashe feni, unadhibitiwa kwa chanya. Ila kama feni imekufa kabisa, jibu la sifuri halitoshi, kwa sababu huenda fyuzi ndiyo iliyokatika. Kagua fyuzi kwanza, au soma mchoro wa nyaya wa gari hilo.

Pitisha kasi zote kabla ya kushika bisibisi

Kaa kwenye kiti, fungua ufunguo, washa kasi moja baada ya nyingine, na usikilize. Dakika hii moja inaweza kukuonyesha kipuri chenye kosa kabla hujafungua chochote.

Kama ni kasi ya juu tu inayofanya kazi, tatizo liko kwenye rezista au plagi yake. Kasi ya juu haiathiriki kwa sababu haipiti kwenye koili (nyaya zilizoviringishwa) za rezista: swichi inaiunganisha mota moja kwa moja. Kasi za chini zote hupitia kwanza fyuzi ndogo ya joto iliyobandikwa kwenye rezista, na hiyo ikikatika, zote zinakufa kwa pamoja.

Kama imekufa kasi moja ya katikati, na iliyo chini yake bado inafanya kazi, usinunue rezista. Koili zimepangwa kwa mfululizo: kasi ya 1 inapita koili zote, kasi ya 2 inapita baadhi ya hizohizo. Umeme ukipita zote na kuifikisha kasi ya 1, basi koili za kasi ya 2 ni nzima. Kosa liko kwenye pointi ya swichi (mahali vyuma vyake vinapogusana kupitisha umeme), kwenye waya wa kasi hiyo, au kwenye pini yake ndani ya plagi ya rezista. Ila ikiwa ni kasi ya 1 peke yake iliyokufa, koili ya mwisho inaweza kuwa imekatika.

Kasi za chini zipo, ya juu haipo: pointi ya juu ya swichi imeungua. Baadhi ya magari yana rilei ya pekee ya kasi ya juu, nayo ikaguliwe.

Kasi zote zipo lakini feni inazunguka kivivu, au fyuzi inakatika mara kwa mara: shuku mota nzito au ethi mbovu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu feni "inafanya kazi" na hakuna anayeipima mpaka rezista iungue.

Feni inakuja na kuondoka. Tikisa plagi ya mota bila kuigusa mota yenyewe. Ikiitikia, kosa ni plagi. Isipoitikia, gonga kasha la mota polepole kwa mpini wa bisibisi. Mota inayoamka ikigongwa imekwisha kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu yake inayozunguka), na itakufa kabisa muda si mrefu.

Feni haizimi. Kama inakufa ukitoa ufunguo, waya kati ya mota na swichi umegusa bodi, au transista ya moduli imepiga shoti. Kama inaendelea hata baada ya kutoa ufunguo huku swichi ya feni ikiwa imeachwa kwenye kasi yoyote, pointi za rilei zimegandana. Chomoa rilei hiyo mara moja, la sivyo asubuhi utakuta betri imelala.

Na kama hakuna kasi hata moja, tuanzie mwanzo.

Vifaa

Multimita, taa ya kupimia, na balbu ya zamani ya taa kubwa ya mbele yenye wati 55 iliyounganishwa nyaya mbili. Waya wa kuunganishia wenye unene wa milimita za mraba 4, ukiwa na fyuzi ya ampea 30 katikati. Bisibisi za nyota, boksi spana ndogo, tochi. Ukiweza kuazima mita ya kubana (inayobanwa juu ya waya na kupima ampea bila kuukata) inayopima umeme wa betri, azima. Si kila mita ya kubana inapima umeme wa aina hiyo, kwa hiyo hakikisha kabla.

Balbu ina sababu yake. Multimita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba bado utaonyesha volti 12.4 safi. Balbu ya wati 55 inavuta zaidi ya ampea 4, na waya uliooza hauwezi kuubeba mzigo huo: balbu inafifia na siri inatoka. Usiitumie balbu, wala taa ya kupimia, kwenye nyaya nyembamba zinazotoka kwenye kompyuta. Huko tumia multimita tu.

Fyuzi na rilei

Mara nyingi fyuzi ni mbili. Kubwa inalisha mota na hukaa kwenye boksi ya chini ya boneti au ya ndani ya kabini. Ndogo, mara nyingi ya ampea 10, inalisha koili ya rilei na vidhibiti. Ikikatika ile ndogo, feni inakufa na fyuzi kubwa inabaki nzima. Pima pande zote mbili za kila fyuzi ikiwa mahali pake. Fyuzi inaweza kuonekana nzima kwa macho huku ikiwa na ufa kwenye mguu, au meno yanayoishika yakawa yamelegea kwa joto. Ukiona plastiki ya fyuzi imebadilika rangi kuwa ya kahawia, meno hayashiki vizuri, na kubadilisha fyuzi peke yake hakutasaidia.

Usipandishe fyuzi kutoka 30 kwenda 40 ili isikatike. Fyuzi inaulinda waya. Ukiinyima kazi hiyo, kitakachoungua kitakuwa waya wenyewe nyuma ya dashibodi.

Rilei: miguu 85 na 86 ni ya koili, 30 na 87 ni ya pointi. Kusikia mlio wa "tik" kunathibitisha kwamba koili inavuta, hakuthibitishi kwamba pointi zinapitisha umeme. Njia ya haraka ni kuibadilishana na rilei nyingine ya gari hilohilo yenye namba ileile. Njia ya uhakika ni hii: chomoa rilei, pima tundu la 30 (liwe na umeme wakati wote), pima 85 na 86 ufunguo ukiwa wazi (moja iwe na umeme, nyingine iwe na ethi), kisha unganisha 30 na 87 kwa waya wako wenye fyuzi huku swichi ya feni ikiwa juu. Feni ikipiga, rilei au amri yake ndiyo mbovu, na mota umeshaithibitisha bila kuifungua.

Koili ya rilei ikikosa umeme wakati fyuzi zote ni nzima, angalia pointi za swichi ya ufunguo. Dalili yake ni kwamba vitu vingine vinavyowaka na ufunguo navyo vinayumba, na ukiuzungusha ufunguo kidogo vinarudi.

Plagi ya mota

Mota kwa kawaida iko chini ya dashibodi upande wa abiria, nyuma ya droo. Plagi ina nyaya mbili nene. Hapa ndipo njia inagawanyika, kwa hiyo usipapite haraka.

Kwa gari linalodhibitiwa kwa ethi, chomoa plagi, fungua ufunguo, weka feni kasi ya juu, na unganisha balbu ya wati 55 kati ya matundu mawili ya plagi.

Balbu ikiwaka kwa nguvu, umeme na ethi vyote vinafika. Mota imekufa.

Isipowaka, hamisha mguu mmoja wa balbu kwenye bodi safi ya chuma na uache mwingine kwenye waya wa chanya. Ikiwaka sasa, chanya ni kizima, kosa liko kati ya mota na ethi: swichi, waya, au boliti ya ethi. Isipowaka bado, rudi kwenye rilei na fyuzi, au fuata waya wa katikati yake.

Ikiwaka kwa kufifia, kuna mahali umeme unapotea. Rudisha plagi, washa kasi ya juu, na pima upotevu wa volti mfumo ukiwa unafanya kazi. Weka waya mwekundu wa multimita kwenye tamino chanya ya betri na mweusi nyuma ya plagi, kwenye waya chanya wa mota. Isizidi volti 0.5. Kisha pima waya wa pili wa mota dhidi ya tamino hasi ya betri: napo isizidi 0.5. Boliti ya ethi peke yake, dhidi ya betri, isizidi 0.2.

Namba hizi zina maana halisi. Kama betri ina 12.4 na mota inapata 9.8, volti 2.6 zimepotea njiani. Mota ikivuta ampea 18, hizo ni karibu wati 47 zinazogeuka joto kwenye sehemu moja ndogo, labda pini moja ya plagi. Baada ya dakika tano unaweza kuipata kwa kidole: itakuwa moto kuliko jirani zake.

Mota

Kabla ya kuitoa, chomoa tamino hasi ya betri. Kama gari lina mfuko wa hewa wa ajali upande wa abiria, subiri muda ulioandikwa kwenye mwongozo wa gari, na usichomoe wala kupima plagi za rangi ya njano. Toa droo, chomoa plagi ya mota, na chomoa mpira mdogo wa hewa kama upo. Kwa kawaida mota imeshikwa na skrubu tatu. Fungua ya mwisho huku mkono mwingine umeishika chini, maana itashuka yenyewe na mapanga ya plastiki hupasuka kirahisi.

Zungusha mapanga kwa kidole. Mota nzima inazunguka laini na kuendelea kidogo baada ya kuachiwa. Sumaku zake zinaweza kukupa hisia ya kukwamakwama kidogo, na hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni mkwaruzo, uzito, au shafti inayocheza kando. Angalia kutu na alama za maji.

Alama za maji zikiwepo, usifunge mota mpya kabla ya kujua maji yametoka wapi. Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapokaa: majani yakiziba matundu yake, mvua inafurika na kuingia kwenye tundu la hewa la feni. Ya pili ni bomba la kutoa maji ya kiyoyozi. Likiziba, maji yanajaa kwenye kasha na kulowesha zulia la abiria. Safisha yote mawili. Majani yenyewe, na wakati mwingine viota vya panya, utayakuta pia ndani ya mapanga, na ndiyo chanzo cha mlio wa kukwaruza ambao watu huudhania beringi.

Ili kuijaribu mezani, unganisha mota na betri kwa waya wenye fyuzi. Ishike imara, kwa sababu inaruka inapoanza. Lakini usichukue kipimo cha ampea mezani na kukiamini. Mapanga ya aina hii, yanayofanana na kikapu, hula umeme mwingi zaidi yanapovuta hewa bila kizuizi. Mota nzima inaweza kuonekana mbovu mezani, ilhali ikirudishwa kwenye kasha lake inatulia. Pima ampea ikiwa imefungwa, kwa mita ya kubana kwenye waya mmoja mnene. Usitumie tundu la ampea 10 la multimita, utaiunguza.

Katika kasi ya juu, mota nyingi za pikapu hula kati ya ampea 12 na 22. Linganisha na kipimo cha gari lako kama kimeandikwa. Mota inayopita 25 kwenye fyuzi ya 30 imechoka, hata kama inapiga upepo vizuri. Bushi (mikono midogo inayoishika shafti) zimekauka au koili za ndani zimegusana, na hiyo ndiyo inayoyeyusha plagi na kuchoma swichi.

Je, mota inatengenezeka? Nyingine, ndiyo. Kama kasha lake linafunguka, angalia kaboni. Zikibaki chini ya milimita 5 hivi, badilisha. Safisha komyuteta (pete ya shaba ambayo kaboni huigusa) kwa msasa mwembamba wa kawaida, halafu ondoa vumbi la kaboni kwenye mifereji yake. Epuka msasa wa kuchongea chuma, kwa kuwa chembe zake zinaweza kubaki katikati ya mifereji na kuleta shoti. Tone mbili au tatu za mafuta mepesi ya mashine kwenye bushi zinaondoa mlio, lakini bushi iliyolika haitajazwa na mafuta. Itanyamaza kwa muda tu. Mota iliyofungwa kwa kukunjwa chuma haina faida kuipasua.

Ukinunua nyingine, zilinganishe zote mbili mezani: volti, urefu wa shafti, kipenyo na kimo cha mapanga, umbo la plagi, na upande wa kuzunguka. La mwisho linasahaulika sana. Feni ya kikapu ikizungushwa kinyume haivuti hewa kutoka kabini. Inaendelea kupuliza kuelekea upande uleule, ila kwa unyonge. Utazunguka ukitafuta filta iliyoziba kumbe nyaya mbili zimebadilishana nafasi.

Ukihamisha mapanga ya zamani kwenda mota mpya, yasukume hadi kina kilekile. Vibanio vidogo vya chuma vilivyochomekwa kwenye mapanga usivitoe: ni vya mizani, na bila hivyo feni itatetemesha dashibodi. Rudisha pia ule mpira mdogo wa hewa. Kazi yake ni kupeleka hewa ya kupoza ndani ya mota, na mota isiyoupata hupata joto na kufa mapema.

Rezista

Rezista imechomekwa kwenye njia ya hewa, karibu na mota, kwa skrubu mbili. Imewekwa hapo makusudi. Chukua kasi ya chini ambapo mota inapata volti 4 na inavuta ampea 4: volti 8 zilizobaki zinaishia kwenye rezista, na hizo ni wati 32 za joto mfululizo. Hewa ya feni ndiyo inayoipoza.

Itoe na uiangalie. Koili iliyokatika huonekana kwa macho. Fyuzi ya joto iliyokufa mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo pima. Kwanza gusanisha nyaya mbili za multimita uone zenyewe zina omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) ngapi, mara nyingi 0.2 hadi 0.4, na uitoe namba hiyo kwenye kila kipimo. Rezista nyingi husoma kati ya omu 0.3 na 4, na kila kasi ya chini ina omu nyingi kuliko iliyo juu yake. Multimita isiposoma kabisa, njia imekatika.

Kuna mazoea ya kuunganisha waya juu ya fyuzi ya joto ili kasi za chini zirudi. Usifanye hivyo. Fyuzi hiyo ndiyo kinga pekee mota inapokwama: mota iliyosimama haitoi hewa, inavuta umeme mwingi kupita kiasi, na koili zinakuwa nyekundu ndani ya kasha la plastiki. Vivyo hivyo usiijaribu rezista ikiwa inaning'inia nje ya njia ya hewa. Itaunguza zulia na mkono.

Sasa swali la msingi: kwa nini imeungua? Angalia mambo matatu kabla ya kufunga mpya. Kwanza ampea za mota. Mota nzito inapitisha umeme mwingi kwenye koili zilezile. Pili mtiririko wa hewa. Hapa kuna dhana potofu kwamba filta iliyoziba inaichosha mota. Kwa feni ya aina hii ni kinyume: hewa ikizuiwa, mzigo wa mota unapungua na sauti yake inapanda. Kinachoumia ni rezista, maana haipati tena hewa ya kuipoza. Tatu plagi yake. Pini iliyolegea hutoa joto, na joto hilo linaisogeza fyuzi ya joto kuelekea kikomo chake.

Plagi iliyoyeyuka isirudishwe kwenye rezista mpya. Kata nyaya nyuma mpaka uone shaba inayong'aa. Shaba nyeusi au ya kijani imeshaoza, endelea kukata. Funga plagi mpya yenye nyaya za unene uleule au zaidi, bana viungo kwa koleo la kubania, na uvifunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu ya umeme peke yake inalegea chini ya dashibodi yenye joto.

Magari yenye moduli

Moduli inatambulika kwa mapezi ya alumini yaliyo ndani ya njia ya hewa. Ina nyaya nene za umeme, ethi na mota, na waya mmoja mwembamba wa amri. Anza na nyaya nene: umeme na ethi vijaribiwe kwa balbu. Kisha pima waya mwembamba kwa multimita huku ukibadilisha kasi. Kipimo kikipanda au kushuka kwa kila kasi huku mota haiitikii, na mota umeshaijaribu kwa umeme wa moja kwa moja ikafanya kazi, moduli imekufa. Kipimo kisipobadilika kabisa, usinunue moduli. Tatizo liko kwenye paneli ya vidhibiti au waya wake.

Moduli nazo huuawa na mota nzito. Kipimo cha ampea kinahusika hapa kama kwenye rezista, na zaidi, kwa sababu moduli ni ghali kuliko rezista.

Fyuzi inayokatika kila ikiwekwa

Usiendelee kumaliza fyuzi. Chomoa plagi ya mota, toa fyuzi, na unganisha balbu ya wati 55 kwenye miguu miwili ya tundu la fyuzi. Fungua ufunguo na uwashe feni. Balbu ikiwaka kwa nguvu huku mota imechomolewa, waya umepiga shoti kwenye bodi. Balbu inauzuia umeme usipite kiasi, kwa hiyo una muda wa kutikisa waya kipande kwa kipande mpaka izime. Angalia hasa pale waya unapopita kwenye ukuta wa injini, na pale droo inapofungwa, kwani skrubu ndefu iliyorudishwa vibaya hutoboa waya. Balbu isipowaka, rudisha plagi ya mota na fyuzi sahihi, na upime ampea.

Mota inazunguka, upepo ni mdogo

Hapa umeme hauna kosa. Toa filta ya kabini na uwashe feni bila hiyo: upepo ukirudi, umemaliza. Pikapu isiyo na filta hukusanya vumbi na majani moja kwa moja kwenye evaporeta (kipoza hewa cha kiyoyozi chenye mapezi). Ingia kupitia tundu la mota au la rezista na tochi, na usafishe kwa brashi laini kufuata mapezi, si kuyakata. Mapanga yaliyojaa matope makavu nayo hayasukumi hewa.

Upepo ukianza na nguvu, ukapungua baada ya nusu saa ya kiyoyozi, kisha ukarudi baada ya kukizima kwa muda, evaporeta inaganda barafu. Hilo ni kosa la kiyoyozi, na feni haihusiki. Kinyume chake pia hutokea: magari mengi hayaruhusu kiyoyozi kuwaka feni ikiwa imekufa, kwa hiyo kiyoyozi "kilichoharibika" siku moja na feni kinaweza kurudi chenyewe feni ikitengenezwa.

Kabla ya kurudisha droo

Washa injini, na upime betri: iwe karibu na volti 13.8 hadi 14.4. Weka kasi ya 1 kwa dakika kumi, kisha kasi ya juu kwa dakika kumi. Shika plagi ya mota, plagi ya rezista, rilei na fyuzi moja baada ya nyingine. Uvuguvugu ni sawa. Kitu usichoweza kukishika kwa sekunde tano kina pini iliyolegea au kinabeba umeme kupita kiasi, na ni heri ukirudie sasa droo ikiwa bado iko sakafuni. Pima ampea za kasi ya juu, uziandike kwa kalamu isiyofutika kwenye kasha la mota pamoja na tarehe. Siku feni itakapoanza kuzunguka kivivu, atakayeifungua atakuwa na namba ya kulinganishia.